Kaseti ya Kofia

Wajukuu zangu wananipiga picha kwa simu zao nikiwa napepeta mchele, nikiwa nimesinzia, nikiwa sijafunga kitambaa vizuri. Nawaambia waache. Wanacheka, wananiambia, "Bibi, we unajua nini mambo ya kamera?" Huwa siwajibu. Leo nawajibu kwa kalamu, na atakayeona mwandiko wangu mbaya ajue kwamba kuandika nako nilijifunza ukubwani, katika chumba kilekile nilichofundishwa kamera.

Kilikuwa chumba cha nyuma cha kituo cha kushonea, Gitega, karibu na mtaa wetu wa Waswahili. Ilikuwa miaka ya vita. Asubuhi tulishona, mchana tulifundishwa kusoma na kuandika. Mwaka mmoja wakaja watu na kamera mbili na televisheni, wakasema kila mwanafunzi wa kituo atengeneze filimu ndogo juu ya kazi yake mwenyewe. Wenzangu wote walikuwa wasichana. Mimi nilikuwa tayari na mjukuu. Nilitaka kukataa, halafu nikafikiri: wakati wa vita ukipewa kitu bure, unapokea kwanza, maana ya kupewa utaiuliza baadaye.

Mwalimu alikuwa Mkongomani wa Uvira, mkimbizi, Mkristo mpole mwenye koti moja. Kwao alikuwa akipiga video za arusi. Siku ya kwanza alinipa kamera, nami nikaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

"Hapana, mama," akasema. "Ile kitu haiumi. Bana viwiko kwa mbavu. Sasa usipumue."

"Nisipumue mpaka lini?"

"Ukiwa unatia uzi kwa tundu ya sindano, unafanyaga nini?"

Hapo nikamwelewa. Miaka yote ya maisha yangu nilikuwa nimeshona kofia za mkono, zile nyeupe za matundu ambazo wanaume huvaa kwenda msikitini. Kutia uzi unabana pumzi, macho hayachezi, mkono wa kushoto unatulia ili wa kulia ufanye kazi. Nikafanya hivyohivyo. Picha yangu haikutikisika hata kidogo, wakati za wasichana zilikuwa zikiyumba kama lori la ndizi. Walinuna. Sikuwafurahia sana, lakini kidogo niliwafurahia.

Kazi ya kwanza mwalimu alituambia twende tukamchukue mtu mmoja akiwa kazini, batri moja tu, isizidi. Mimi nilikwenda kwa mzee wa mtaa wetu aliyekuwa akifua majembe kwa vyuma vya magari mabovu. Nikawasha kamera mlangoni, nikapiga hodi. Sasa yule ni mzee, na mimi ni mtoto wa rafiki yake. Akaniuliza hali. Akauliza hali ya ndugu zangu mmoja mmoja, na waliokufa akawarehemu mmoja mmoja. Miaka ile waliokufa walikuwa wengi. Akaomba dua, nikaitika amina. Akaagiza tangawizi. Alipoinua nyundo, kamera ikalia pi, pi, ikazimika.

Televisheni ilipoonyesha, darasa zima lilianguka kwa kicheko.

"Mama," mwalimu akasema akifuta machozi, "umetuletea salamu nusu saa. Nyundo iko wapi?"

"Nyundo ilikuwa nyuma ya salamu."

"Si ungemukata?"

"Mzee hakatwi."

Hilo ndilo lililonisumbua katika kazi yote ile. Kutia kamera sawa nilijua. Kutafuta mwanga nilijua, maana nimeshona mlangoni maisha yangu yote. Lakini kukata! Kwetu mtu akisema, unamwacha amalize, na akimaliza unangoja kidogo, huenda bado lipo neno nyuma ya meno. Ajabu ni kwamba mwalimu mwenyewe ndiye aliyenipa haki siku nyingine. Alisema, "Bon. Kukata mutafanya hapa, kwa mashine. Kule inje, mutu akinyamaza musizime. Hesabu kwanza mpaka kumi. Maneno ya kweli inakuyaka nyuma." Wasichana waliandika kwenye daftari. Mimi niliyaweka kichwani, kwamba maneno ya kweli huja nyuma, na laiti ningeyasahau, au pengine sivyo. Mpaka leo sijaamua.

Ili mnielewe lazima niseme habari ya mwanangu.

Mwanangu wa kwanza ndiye aliyekuwa akipeleka kofia zangu Muyinga. Kule alikuwako fundi cherehani mmoja sokoni, mtu wetu wa siku nyingi, aliyeziuza juu ya meza yake pamoja na kanzu. Mwanangu alirudi na vitambaa vilivyoingia kutoka Tanzania. Safari ya mwisho walitoka Muyinga pamoja, yeye na fundi, ndani ya kamionete moja, fundi akija Gitega kutafuta nyuzi. Walipopita Karuzi, wenye bunduki waliisimamisha ile gari. Wepi, sikuuliza wakati ule na siulizi leo. Gari iliungua. Waliokufa walizikwa palepale kando ya barabara na watu wasiowajua majina. Waliokimbia walikimbia.

Fundi alirudi kwake mzima. Akatuma neno kwamba yeye tumbo lilimuuma, alishuka Karuzi mjini, kwa hiyo hajui lolote. Halafu zikaja habari zile za njiani: mmoja alisema kamwona mwanangu kambini Tanzania, mwingine alisema anauza sabuni Kigoma. Mwaka ukapita, ukapita wa pili.

Mke wa mwanangu aliishi kwangu na mtoto wao. Shehe tulimwuliza. Akasema mwanamke huyu ni mke wa mtu mpaka aje aliyeona kwa macho yake, aseme kwa kinywa chake. Basi hakuwa mjane wala hakuwa na mume. Hatukumsomea mwanangu hitima, na hatukuweza kumtaja bila kwanza kutazamana. Kila Alhamisi mkwe wangu alichukua kofia ya mumewe iliyobaki nyumbani, akaifua, akaitia uji mwembamba wa muhogo ili ikauke ngumu, akaivika juu ya bakuli lililofunikwa kifudifudi. Ijumaa iwe tayari. Kofia safi ilifuliwa upya, wiki baada ya wiki, mpaka uzi ukaanza kulegea. Nilimwambia, "Unaiua hiyo kofia." Akaniambia, "Mama, akirudi aikute chafu?" Nikarudi kwenye mshono wangu.

Filimu ya mwisho wa mafunzo nilisema nitaifanya juu ya safari ya kofia: inavyoanza mkononi mwangu Gitega mpaka inapokaa kichwani mwa mtu Muyinga. Mwalimu alipenda, kisha akaogopa.

"Mama, barabara ile? Na kwa barieri wakiona kamera, watasema we ni mujurnaliste, mutu wa habari."

"Wataona unga."

Niliifunga kamera kwa kitenge, nikaitia ndani ya sufuria, nikaifunika kwa mfuko wa unga wa muhogo. Magari siku hizo yalikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma. Kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, askari kijana alichoma ule unga kwa kidole, akauliza napeleka wapi. "Kwa dada yangu, mgonjwa." Dada yangu kweli alikuwa Muyinga, na hakuna mtu wa umri wetu asiye mgonjwa. Tukapita.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa fundi, nyuma ya soko. Alinipokea vizuri, mno hata. Mkewe alileta kiti chenye mto. Nilimchukua akikata kitambaa, akishona, akipanga kofia zangu mezani kwa ukubwa. Mwanga ulikuwa mzuri, uliingia kwa ubavu. Alizisifu kofia mbele ya kamera, alisema mshono wangu unajulikana, kwa sababu mwisho wa kila kofia, upande wa ndani, nafunga fundo moja dogo la uzi mwekundu. Ni kweli. Msikitini wanaume wakitawadha kofia huchanganyika. Mwenye yangu anatazama fundo.

Kisha nikamwuliza. "Na mwanangu, fundi? Niambie tena ile siku."

Akasema yaleyale: tumbo, Karuzi, akashuka. Alisema akiutazama mkasi. Mwisho akasema, "Basi, mama, ni hayo tu."

Sikuzima. Nikahesabu mpaka kumi. Hakusema kitu. Wakati huo adhana ya alasiri ikaadhiniwa, nikainuka nikatawadhe uani. Kamera niliiweka juu ya meza, kanga yangu ya begani nikaiacha hapohapo, pembe yake ikafunika ile taa nyekundu ya mbele. Sitadanganya nikiwa na mvi hizi: nilijua inawaka. Nilijiambia ni mkono tu ulioiweka hivyo. Mkono wangu haujawahi kuweka kitu hivihivi.

Nikaswali, nikanywa chai yao, nikaaga.

Gitega, mwalimu aliweka kaseti asubuhi kabla wasichana hawajafika, tuchague vipande. Tukaona kitambaa, mkasi, kofia mezani. Tukamsikia fundi: ni hayo tu. Tukaona picha ikishuka mpaka mezani, kanga yangu ikafunika nusu yake. Nusu iliyobaki ilionyesha mguu wa cherehani, droo yake, na mikono ya fundi.

Mikono ikakaa. Kisha ikavuta droo, ikatoa kofia iliyokunjwa, ya zamani, yenye madoa ya kahawia, ikaigeuza ndani nje. Mwalimu hakuelewa anatazama nini. Mimi niliona fundo jekundu.

Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilisikika. Mkewe akasema kutoka ndani, "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mtoto wake alikufa. Mama wa watu anangoja."

"Nimwambie nilimvua kofia kichwani nikakimbia? Nimwambie nilimwacha pale kama mbwa, hata Fatiha sikumsomea?"

Mikono ikairudisha kofia, droo ikafungwa. Halafu cherehani ikaanza kulia, taratataa, taratataa, ikashona mpaka kaseti ikaisha.

"Rudisha," nikasema.

"Mama, tuzime kwanza."

"Rudisha, mwalimu."

Akarudisha mara tatu. Mara ya tatu alinigeuzia mgongo, akatazama ukuta, na mimi nikatazama peke yangu. Sikulia. Wasichana walipoingia nilikuwa nimeshaitoa kaseti na kuitia kifuani, ndani ya nguo, na niliwasalimia kama siku zote.

Nilikwenda kwa shehe, si nyumbani. Mtu asipewe nusu ya habari ya kifo. Shehe alinisikiliza mpaka mwisho, akaitazama ile kaseti juu ya mkeka. Ilikuwa ndogo, inaingia kiganjani.

"Huyu mtu alijua kwamba anasikilizwa?"

"Hakujua."

"Basi hukuletewa ushahidi, mama. Umeuiba." Akaendelea kwa upole, "Na hata ungekuwa halali, sanduku haliapi. Nenda kwake. Aje aseme mwenyewe."

Nilikasirika. Nilitoka mle ndani nikitembea haraka kuliko magoti yangu yanavyoruhusu. Mtoto ni wangu, nikasema, na fundo ni langu, nani mwizi hapa? Lakini njiani nikakumbuka nilivyoiweka ile pembe ya kanga. Shehe hakuwapo, hakuiona, na bado aliijua.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko miaka miwili ya kutojua. Alhamisi ilifika. Mkwe wangu akakoroga uji wa muhogo. Nilikaa mlangoni na sindano yangu nikimwona anavyoivika kofia juu ya bakuli, anaibana pembeni kwa vidole ili mduara ukae sawa, anarudi nyuma hatua moja kuitazama. Mwalimu alitufundisha kwamba kila picha iwe na mahali pa kutazama. Mimi sikuwa na mahali pa kutazama. "Mama, umejichoma," akaniambia. Kweli, damu ilikuwa imeingia kwenye kitambaa cheupe.

Msafara wa kwanza uliofuata niliupanda. Kamera niliiacha.

Fundi aliniona kutoka mbali sokoni, akajua. Alisimama, kitambaa kikaanguka. Nikamwambia twende nyumbani kwako, na tulipofika sikukaa kwenye kiti chao.

"Fundi, nimekuibia," nikasema. "Siku ile kamera haikuzimwa. Nimeona droo. Nimesikia."

Alikuwa mweusi, akawa rangi ya jivu. Kisha hasira ikampanda. "We mama! Umenitegea mtego ndani ya nyumba yangu? Na chai yangu ukanywa?"

"Nimekunywa. Na wewe mwanangu ukamwacha."

Mkewe akatokea mlangoni, akarudi ndani. Nikajikuta nahesabu: moja, mbili, tatu, kama mjinga, bila kamera, bila kitu mkononi. Nilifika saba.

"Tuliruka pamoja," akasema. "Upande wa mtaro. Yeye walimpata kiunoni. Nikamvuta mpaka kwenye maharage. Alikaa, mama, hakufa upesi. Mi nilikuwa nimemshika. Alipokwisha nikasikia miguu inakuja. Nikachukua kofia nikuletee wewe. Nilisema nitakuletea. Nilifika hapa, mguu ukakataa. Siku moja, wiki moja, halafu nikasema lile neno la tumbo, na neno likishatoka utalirudishaje?"

Akaivuta droo, akanipa kofia kwa mikono miwili.

Niliitaka kofia ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikaweka mikono yangu nyuma.

"Si mimi wa kupewa. Ana mke. Utaileta Gitega wewe mwenyewe, utasema mbele ya shehe, naye atasikia."

"Ile barabara siwezi. Tangu siku ile sijaipita."

"Mimi nimeipita safari mbili kwa ajili yako, na magoti yangu unayaona."

"Na ile kaseti yako? Shehe si atazame tu kaseti?"

"Shehe hataki kaseti. Anakutaka wewe. Ukija, nitaifuta. Usipokuja, nitaifuta vilevile, kwa sababu si yangu. Lakini mke wa mwanangu atakufa akifua kofia ya maiti, na wewe utakuwa unashona."

Nililala kwa dada yangu bila kujua atafanya nini. Asubuhi, magari yalipopangwa, alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia ameifunga ndani ya kitambaa kipya alichokata mwenyewe. Alikaa kando yangu. Tulipoikaribia Karuzi alianza kutetemeka mpaka mwanamke wa mbele akageuka akauliza, "Baba iko na malaria?" Nikasema ndiyo.

Baada ya Karuzi aliniambia, "Hapa."

Gari haikusimama, msafara hausimami. Nilitazama. Lilikuwa shamba la maharage na mikaratusi michache juu, na mama mmoja akilima ameinama, mtoto mgongoni. Basi. Kilikuwa kitambo cha kupepesa jicho mara tatu. Sikuwa na kamera, na sijutii. Mahali pale napakumbuka vizuri kuliko chochote nilichowahi kukichukua kwa kaseti.

Shehe alikuja nyumbani kwangu na wazee wawili. Tulitundika pazia, mkwe wangu akakaa nyuma yake na mtoto amelala mapajani. Nilikuwa nimemwambia asubuhi ile, kwa maneno machache, na alikuwa amenisikiliza huku akichambua mchele, hakuacha kuchambua. Fundi aliapa, akasema yote. Hakujitetea. Alipomaliza, wazee walikohoa, shehe akafungua mdomo, nami nikamwinulia kiganja. Nilimzuia shehe kusema! Nilijua tu kwamba upande wa pazia bado.

Na ndivyo. Sauti ya mkwe wangu ikatoka: "Alisema kitu?"

Fundi akainamisha kichwa. "Aliomba maji."

"Ukampa?"

"Sikuwa nayo, dada."

Kisha mkono wake ukatokea chini ya pazia, kiganja juu. Fundi akaiweka kofia pale. Mkono ukaondoka nayo.

Shehe akasema mwanamke huyu ni mjane, na kwamba kwa sheria eda yake imekwisha zamani, maana huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu siku ya habari. Yuko huru. Mkwe wangu akajibu nyuma ya pazia, polepole, kwa adabu, "Nimesikia, shehe. Lakini mi sijamlilia hata siku moja." Akakaa ndani miezi minne na siku kumi, kwa nguo nyeupe, kama aliyefiwa siku ile. Wanawake wengine wa mtaa walisema anazidisha. Niliwafukuza uani kwangu. Ijumaa ile mwanangu aliswaliwa msikitini, sala ya asiyekuwapo, na wiki iliyofuata tukamsomea hitima. Fundi alikaa mpaka hitima ikaisha. Alipoondoka niliweka kofia kumi ndani ya mkoba wake akauze. Niliendelea kumpa kofia. Watu walishangaa, sikuwaeleza.

Ikabaki kaseti. Kituo kilimpa kila mwanafunzi moja tu, na siku ya kuonyesha filimu ilikuwa imekaribia. Mwalimu alituambia kaseti haifutwi kwa kitu kingine ila kwa kuandika juu yake: picha mpya inaila ya zamani. Nikamwomba mkwe wangu ruhusa, safari hii niliomba. Alikuwa ndani ya eda, uso wake haufai kuonekana na mwanamume wa nje kama mwalimu. Akasema, "Chukua mikono."

Nikairudisha kaseti mpaka pale fundi anaposema "tumbo." Nikabana viwiko kwenye mbavu. Ilikuwa mchana, mwanga wa mlangoni. Alileta mabakuli mawili. La kwanza alilivika kofia ya siku zote, ile iliyolegea uzi. Kisha akailoweka ile ya madoa. Aliisugua kidogo kidogo kwa kidole gumba, maji yakawa kahawia, akamwaga, akaongeza mengine. Yapo madoa yaliyotoka na yapo yaliyokataa. Akaitia uji wa muhogo, akaigeuza ndani nje, fundo langu likapita mbele ya kamera, akaigeuza tena, akaivika juu ya bakuli la pili. Halafu hakuwa na la kufanya. Mikono ikakaa kwenye goti. Haikwenda popote. Sikuzima. Nilihesabu mpaka kumi nikaanza tena, mpaka kaseti ikajaa, na maneno ya fundi yote yakawa yameliwa.

Siku ya kuonyesha, wasichana walipiga makofi kwa kofia, kwa meza ya fundi wa Muyinga. Mwisho ule ulipofika walianza kunong'ona. Mwalimu aliinama sikioni kwangu. Ndiye peke yake aliyejua kilichokuwa chini ya picha ile, lakini alikuwa mwalimu, na kazi yake aliipenda.

"Mama, ile mikono inakaa sana bila kitu. Watu watachoka. Tukate pale kofia inakaa kwa bakuli."

"Sikati."

"Dakika moja tu."

"Mwalimu," nikamwambia, "ngoja amalize."

Akangoja. Tukaitazama ile mikono sote, mpaka televisheni ikawa nyeupe yenyewe.